Divai ya Mananasi kwa Arusi ya Binti Yetu

Sisi tuandikao maneno haya ni mume na mke, walimu wa shule, wakaaji wa Shabunda, si mbali na mto Ulindi. Kwa muda wa miaka 14 hapakuingia nyumbani mwetu hata chupa moja ya kileo. Sababu yake majirani wote waijua. Ndugu yetu mdogo, kijana mwenye nguvu na mcheshi, alikuwa mchimba dhahabu. Alichokipata mchana alikinywa usiku, na alichokinywa kilikuwa lutuku. Alikufa hajatimiza miaka 35, akaacha watoto 4. Tuliwachukua, tukawalea pamoja na wa kwetu, na mlangoni tukaweka sheria moja: kileo hakipiti hapa.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji jinsi tulivyoibadili sheria hiyo, kwa sababu gani, na mambo tuliyojifunza. Kila jamaa ina kidonda chake, na huenda maneno yetu yakamfaa mmoja wenu.

Binti mkubwa wa marehemu alipofikia umri wa kuolewa, aliposwa na kijana mwema wa parokia yetu. Mahari yakapatana. Ndipo wazee wa ukoo walipokuja kuketi barazani petu, wakauliza habari ya kinywaji. Kwetu Warega jambo kubwa halipiti hivi hivi. Tangu zamani pombe ya ndizi ilikuwapo penye mashauri ya ukoo, penye sherehe za Bwami, na penye kuwapatanisha waliogombana. Mzee mmoja alisema, “Arusi isiyo na kinywaji ni matanga.” Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Tukafanya hesabu. Bia ya chupa hatukuiweza. Barabara itokayo Bukavu imeharibika miaka mingi, na bidhaa nyingi hutufikia kwa ndege ndogo. Kila kilo ipandayo ndegeni hulipiwa, iwe ya chumvi, ya sabuni au ya bia. Makasha ya kutosha arusi moja yangekula karo ya watoto wetu wote kwa mwaka mzima. Kasiksi, yaani pombe yetu ya ndizi mbivu, haina gharama kubwa, lakini haingoji. Ikiwa tayari leo, baada ya siku chache imechacha. Kwa hiyo watu huinywa mpaka waimalize, kwa kuogopa isipotee bure, na mwisho wa arusi huwa ugomvi. Ikabaki lutuku, ambayo kwa bei ni rahisi kuliko zote.

Binti yetu alikuwa jikoni, naye alisikia yote. Wazee walipokwisha ondoka alikuja, akapiga magoti mbele yetu, akasema, “Baba, Mama, nawaomba neno moja tu. Lutuku isiingie katika arusi yangu. Ikiingia, mimi nitatoka.” Hakuongeza neno, nasi hatukuwa na jibu.

Ikawa katika siku hizo tukaletewa sanduku. Mpwa wetu asomaye Ubelgiji alimpa msafiri ajaye Bukavu, na kutoka Bukavu likaja kwa ndege. Lilikuwa na uzito wa kilo 3 hivi. Ndani yake tulikuta mfuko wa maji ya zabibu yaliyokazwa hata yakawa mazito kama asali, kipakiti cha chachu, kipimo cha kioo kielealo majini, mpira mwembamba wa kuhamishia kinywaji kutoka chombo hata chombo, kifuniko chenye kibomba kilichopindwa, na karatasi ya maelezo. Lilikuwa sanduku la kumwezesha mtu kujitengenezea divai chupa 6 nyumbani mwake, kwa bei ndogo kuliko ile ya dukani.

Masanduku ya namna hii yana historia yake. Huko Marekani, tangu 1920 hata 1933, sheria ya nchi ilikataza kuuza kileo, lakini maji ya zabibu hayakukatazwa. Wafanya biashara wakayakaza, wakayauza, na kila mnunuzi akajua mwenyewe la kufanya nayo. Uingereza nayo, mwaka 1963, iliondoa leseni iliyodaiwa kwa mtu atengenezaye bia nyumbani kwa matumizi yake. Baadaye vifaa vya bia na vya divai vikauzwa madukani kama vyombo vingine vya jikoni.

Basi, sanduku hilo lilitutia katika mabishano. Mmoja wetu aliona kwamba ni jibu la swali letu. Alifungua Injili ya Yohane, akasoma habari za arusi ya Kana, jinsi Mama wa Bwana alivyoiona aibu ya wenye arusi kabla haijawafikia wageni, na jinsi mitungi 6 ya mawe ilivyojazwa maji. Mwenzake alimsikiliza hata mwisho, kisha akajibu, “Kweli. Lakini huko Kana hapakuwa na ndugu yetu.”

Tulikaa siku nyingi na neno hilo. Hatimaye tulipatana hivi: tutajaribu, lakini kwa masharti. Divai haitauzwa. Haitanyweka pasipo chakula wala pasipo wageni. Na binti yetu mwenyewe atakuwa mwenye neno la mwisho. Tulipomwuliza, alifikiri sana, akasema, “Jaribuni. Nitaona.”

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Tulichanganya maji ya zabibu na sukari na maji yaliyochemshwa, kama karatasi ilivyoagiza, tukatia chachu, na kesho yake mapovu yakaanza kupanda. Tulifurahi kama watoto. Karatasi ilisema tungoje majuma mengi, hata mapovu yakome kabisa. Sisi tulingoja siku 9. Tukaonja, tukaona yafaa, tukatia katika chupa na kuziba kwa nguvu.

Usiku wa nne, yapata saa 8, tukasikia mlio: pa! Kisha wa pili, kisha wa tatu. Msomaji wa mbali huenda akacheka. Lakini hapa Shabunda, kwa ajili ya miaka ya vita, watu wamejifunza kwa uchungu maana ya mlio wa usiku. Kabla hatujawasha taa watoto walikuwa chini ya vitanda. Jirani wa upande wa kushoto alikwisha mfunga mtoto mgongoni, yuko njiani kuelekea mtoni. Bibi mmoja mzee alikaa migombani mpaka kulipokucha. Nasi tulikuwa tumelala kifudifudi sakafuni, ndipo harufu tamu ilipotufikia kutoka ghalani. Chupa 3 zilikuwa zimepasuka.

Asubuhi tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengine walicheka, lakini yule bibi hakucheka. Alituambia, “Wanangu, jambo lisilokwisha msilifunge.” Alikuwa na haki. Sukari ilikuwa haijaisha kazi yake, hewa itokanayo na kazi hiyo haikuwa na njia, ikajifanyia njia.

Jaribio la pili lilikuwa la mananasi, kwa kuwa maji ya zabibu yalikwisha, lakini vifaa vilibaki. Safari hii tuliogopa kuziba, tukafunika bidoni kwa kitambaa tu. Tena tulikuwa tukifunua kila siku kuchungulia. Vile vijinzi vidogo vya matunda vikaingia. Baada ya majuma machache tulikuwa na siki kali, lita nyingi. Tukaila na mboga, tukawagawia majirani, hata yule bibi akapata sehemu yake.

Hapo tukaona kwamba yatupasa kufahamu tulifanyalo, si kufuata karatasi tu. Tulitafuta kitabu cha elimu ya viumbe cha shule ya sekondari, tukasoma pamoja na wanafunzi wetu. Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alianza kuonyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Mwaka 1866 alitoa kitabu kizima juu ya divai na magonjwa yake. Chachu ni viumbe wa namna hiyo. Hula sukari, na badala yake hutoa kileo na hewa, ile inayoonekana kama mapovu. Kazi hiyo waweza kuifanya pasipo hewa ya nje. Lakini kuna viumbe wengine, wale wa siki, ambao huhitaji hewa ya nje. Wakiipata, hugeuza kileo kuwa siki. Kwa hiyo chombo cha divai chataka mlango wa namna ya pekee: hewa ya ndani itoke, na ya nje isiingie.

Ndiyo kazi ya kile kibomba kilichopindwa. Huwekwa maji kidogo ndani yake, na hewa hupita katika maji ikitoka, lakini hairudi. Asiye nacho aweza kutoboa kifuniko cha bidoni, akapitisha mpira mwembamba, akakaza pembeni pasivuje, na ncha ya pili akaitumbukiza katika kikombe cha maji. Hugharimu karibu na bure.

Kwa faida ya wasomaji twaeleza jinsi tulivyofanya mara ya tatu. Bidoni ya lita 20 tuliiosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha tukaisuuza kwa maji yaliyochemshwa. Tulichukua mananasi 12 makubwa yaliyoiva sana, tukayamenya, tukayaponda, tukayakamua katika kitambaa safi. Tukaongeza sukari, maji yaliyochemshwa na kupoa, na kikombe cha chai kavu iliyokolea, ili divai isiwe tepetepe kinywani. Juu ya sukari kuna hesabu wanafunzi waipendayo: gramu 17 za sukari katika lita 1 hutoa kadiri ya sehemu 1 ya kileo katika 100. Atakaye sehemu 12 ahitaji gramu 204 katika kila lita. Lakini nanasi lina sukari yake, kwa hiyo kilo 2 na nusu au 3 kwa bidoni moja zilitosha. Sukari ndiyo iliyotugharimu kuliko vyote, maana nayo huja kwa ndege. Chachu tuliinunua sokoni, ile ile ya mikate iitwayo levire. Bidoni hatukuijaza hata juu, kwa sababu ya povu. Tuliiweka mahali penye baridi kuliko pengine, tukaizungushia nguo yenye maji, kwa kuwa joto likizidi chachu hufa.

Kisha tukangoja. Katika mambo yote haya hilo ndilo lililokuwa gumu kwetu. Siku za kwanza mapovu yalilia katika kikombe mchana na usiku. Baada ya majuma 3 yakawa machache, na baada ya 5 yakakoma. Kile kipimo cha kioo kikaonyesha alama ile ile siku nyingi mfululizo. Mashapo yakashuka chini. Kwa mpira tukahamisha kinywaji pole pole katika bidoni nyingine safi, tukayaacha mashapo, tukangoja tena hata kikawa cheupe chenye umanjano, nawe waona vidole vyako upande wa pili wa bilauri. Ndipo tulipotia katika chupa. Wahenga walisema, mstahimilivu hula mbivu. Tulikuwa tukiwafundisha watoto methali hiyo miaka mingi, lakini sisi wenyewe tuliijifunza kwa bidoni.

Wanafunzi walituuliza swali jema: je, Padre aweza kuitumia divai hii kwa Misa? Hawezi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, yasema divai ya Misa lazima iwe ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, nayo isiwe imeharibika. Katika Afrika ya Mashariki zabibu hulimwa penye jua kavu, kama kule Dodoma katika Tanzania. Katika msitu wetu wa mvua nyingi mzabibu haustawi. Divai ya nanasi ni ya meza ya nyumbani, nayo ikae mahali pake.

Tena twapenda kuonya. Mtu asidhani kwamba ajuaye kuchachua ajua pia kukeneka. Lutuku na ndugu zake hutengenezwa kwa moto na mvuke, na mvuke hukusanya pamoja vilivyo vikali. Tena wauzaji wengine wasio na huruma huongeza sumu iitwayo methanoli ili kinywaji kikolee upesi. Sumu hiyo hupofusha macho na kuua. Huko Kenya, mwezi wa Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo. Hatumfundishi mtu kazi ile, wala hatutamfundisha.

Arusi ilifanyika mwezi wa Agosti. Tulikuwa na bidoni 2, zikatoa chupa 42. Wageni walikuwa wapata 150, kwa hiyo kila mtu mzima alikuwa na haki ya bilauri ndogo mbili, pamoja na chakula, wala hapakuwa na ya tatu. Watoto walipewa maji ya mananasi. Wazee walipoona udogo wa bilauri walinung'unika. Yule mzee aliyetaja matanga aliinua yake juu, akaitazama kwenye mwanga, akanywa, akanyamaza. Baadaye tulimsikia akimwambia mwenzake, “Hiki chataka kunywewa pole pole.” Kwa kinywa chake, hiyo ni sifa kubwa.

Jioni, kijana mmoja wa ukoo alionekana nyuma ya nyumba, na chupa ya lutuku ndani ya koti lake. Kabla yetu sisi, binti yetu alikwisha mwona. Alitoka na nguo yake nyeupe, akamwendea, akasema naye kwa sauti ndogo. Sisi tulisimama mbali, lakini neno moja lilitufikia: “Kaka, baba yangu naye alianza hivi, nyuma ya nyumba ya arusi.” Yule kijana aliinamisha kichwa, akaenda zake na chupa yake. Hatujui kama aliimwaga au aliinywa njiani. Binti akarudi kuketi karibu na mumewe.

Wageni walipokwisha kwenda, tulimwuliza kama alionja divai. Alisema alionja kidogo tu. “Ni tamu,” akasema, “lakini mimi nimetosheka.” Mpaka leo hanywi, nasi twamheshimu kwa hilo. Asiyekunywa kwa sababu ya kidonda chake asidhihakiwe, wala asilazimishwe na jamaa yake. Masharti yetu hayakumwelekea mnywaji peke yake, bali na asiyekunywa pia.

Watu watuuliza, je, mlifanya vema kubadili sheria ya nyumba? Mmoja wetu asema ndiyo, maana arusi ilipita bila ugomvi, karo ililipwa, na hakuna mtu aliyechukuliwa mabegani kurudishwa kwao. Mwenzake asema kwamba jibu litaonekana watoto wa kiume watakapokuwa wakubwa, wala si kabla. Katika neno hili hatujapatana, nasi hatuoni haya kulisema. Lakini katika jambo moja tumepatana kabisa. Kilichomwua ndugu yetu ni kileo, na tena ni kule kutokungoja kitu cho chote: dhahabu ya leo iliwe leo, na ya kesho ikopwe leo. Kinywaji kinachomlazimu mtu kungoja miezi 4 hakiwezi kumponya mlevi, nasi hatutaki mtu ajidanganye. Lakini katika nyumba yetu kilituketisha pamoja jioni nyingi, wazazi na watoto, tukihesabu mapovu na kusema juu ya marehemu, ambaye miaka 14 tulikuwa hatuthubutu kumtaja mbele ya wanawe.

Lile sanduku sasa limetundikwa ghalani. Jirani akiliomba twampa, kwa masharti yale yale tuliyojiwekea: asiuze, asinywe peke yake, asizibe kabla ya wakati. Yule bibi mzee hulikumbusha sharti la mwisho kila apitapo.